Siku yangu nikisaka vitabu vya marehemu

Watu wakisikia nafanya kazi na vitabu vya kale hapa London, huniuliza nasoma nini siku hizi. Sisomi. Natafuta vilikuwa vya nani.

Saa 2 asubuhi. Treni, chai, barua pepe, kunawa mikono. Glavu hatuvai, karatasi inataka vidole vinavyohisi.

Saa 3. Marehemu wangu wa sasa ni John Dee, mwanahisabati wa enzi za Malkia Elizabeth I. Alidai nyumba yake ya Mortlake, kando ya mto Thames, ilikuwa na vitabu karibu 4,000. Mwaka 1583 aliviorodhesha akaenda Ulaya ya kati. Aliporudi 1589 vingi vilikuwa vimeibwa. Mtu mmoja, Nicholas Saunder, alijipatia rundo zima, akafuta jina la Dee na kuandika lake. Zaidi ya 100 viko leo Chuo cha Kifalme cha Madaktari (Royal College of Physicians) hapa London, vingine vimetapakaa. Chini ya taa ya urujuanimno (UV), jina lililofutwa mara nyingine huonekana.

Saa 5 akaingia mteja. Amenunua kitabu mnadani, ndani kimeandikwa jina "Dee", anataka cheti kwamba kilikuwa chake Dee. Kilichapwa 1591. Nikamwambia hakiwezi kuwa kwenye orodha ya 1583. Akanijibu Dee aliishi robo karne baada ya orodha ile, na hapo, lazima nikiri, alisema kweli. Basi nikamwonyesha tundu la mdudu. Linatoboa ukurasa wenye jina na kupenya hadi karatasi za jalada, na jalada ni la karne ya 19. Wino umeingia ndani ya tundu. Maana yake mdudu alikula baada ya jalada, na mwandishi akaja baada ya mdudu. Akasema labda wino ulienea wenyewe. Akasema babu yake alijua mambo haya. Akampigia mtu simu, akaniwekea spika. Nikaeleza upya tangu mwanzo, kwa simu, huku yeye akitikisa kichwa.

Chakula cha mchana nilikula baridi, sikumbuki saa ngapi. Kisha katalogi za minada ya zamani, mstari kwa mstari, hadi herufi zikaanza kucheza. Hakuna kitu. Siku nyingi ndivyo zilivyo, na bado kazi hii siibadilishi na ya mtu.

Giza limeshaingia, mteja ameandika: basi niweke tu "huenda" kwenye cheti. Nimemtumia ankara.