Apt kugoma kwenye seva isiyo na intaneti: nilivyotatua

Seva yetu ya maabara hairuhusiwi kugusa intaneti. Masasisho ya Debian, mfumo wa Linux unaoiendesha, huletwa kwa diski ya nje, baada ya wakaguzi kuyaidhinisha. Idhini ikichelewa, apt, programu inayosakinisha vifurushi vya programu, inagoma: faili la Release, linaloeleza yaliyomo kwenye hazina ya vifurushi, limeisha muda. Chanzo ni mstari wa Valid-Until ndani yake, yaani tarehe ya mwisho ya faili hilo kukubalika. Hazina ya usalama ya Debian huuweka ili mtu asikulishe vifurushi vya zamani vyenye mianya.

Wengi huzima ukaguzi wa tarehe hiyo kwa mfumo mzima. Sikubaliani nao kabisa. Niliweka [check-valid-until=no] kwenye mstari wa hazina ya diski tu, ndani ya sources.list, faili linaloorodhesha hazina ambazo apt inatumia. Saini ya GPG, inayothibitisha kwamba faili limetoka Debian kweli, bado inakaguliwa, na hiyo ndiyo kinga kuu. Nikalinganisha sha256sum (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili) ya Release na ile ya kwenye fomu ya idhini, zikalingana. Apt update ikapita.