Acha Uchuro, Mama

Jioni ile nilikuwa nimekaa sakafuni, mguu wa mama uko mapajani mwangu, namkata kucha. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ule ugonjwa wa moyo. Ukibonyeza juu ya kifundo, kishimo kinabaki pale pale kwa muda. Nilikuwa nimefika kidole cha tatu aliposema, "Siku moyo huu ukigoma kabisa, sitaki wanikandamize kifua kuuamsha."

Nikamjibu kama nilivyomjibu mara mbili kabla ya hapo: "Mama, acha uchuro. Utapona."

Akauvuta mguu wake. "Utapona, utapona. Nina miaka 74, na daktari mwenyewe amesema moyo umechoka. Wewe usiponisikiliza, nimwambie nani?"

Aibu ikanishika. Siku zote nilidhani namtia moyo, kumbe namfunga mdomo. Naye alikuwa na sababu ya kusema. Dada yake, mama yetu mkubwa, alilala chumba cha wagonjwa mahututi siku 11, bomba kooni, huku watoto wake wakigombana kwenye benchi la nje: huyu anataka mashine iondolewe, yule anasema mnataka kumuua mama. Hakuna aliyejua mwenyewe angependa nini. Hadi leo wawili kati yao hawasemezani. Mama aliyashuhudia yote hayo, mkoba wa dadake mapajani.

Basi nikanyamaza, akaongea. Kumbe alishamuuliza daktari mambo ambayo mimi sikuthubutu kuyauliza. Aliambiwa kwamba kukandamizwa kifua kunaweza kumvunja mzee mbavu, na kwamba mtu mwenye maradhi mazito kama yake, hata akirudishwa, mara nyingi harudi alivyokuwa. Vidonge na dripu alivikubali, na kulazwa pia, ilimradi kuna cha kutibika. Alichokataa ni mashine ya kupumulia na mpira wa kulishia puani, siku atakapokuwa hajitambui na madaktari hawaoni tena tumaini. Kifo chenyewe hakikumtisha sana. Aliogopa kukosa pumzi, zile usiku za kukaa kitako hadi alfajiri akitafuta hewa. Daktari alimweleza kuwa mofini, ile dawa kali ya maumivu, ikitolewa kidogo na kupimwa vizuri, hutuliza hali hiyo. Mimi miaka yote nilidhani mofini ni ya kumharakisha mtu kaburini. Mgonjwa ndiye aliyenielimisha.

Halafu akasema jambo moja dogo, na ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: "Msinijadili kana kwamba sipo. Hata nikiwa nimefumba macho."

Nikaleta daftari nikaandika, maneno yake kama alivyoyatamka. Tulipofika kwenye mtu wa kumsemea akishindwa kusema mwenyewe, alinitaja mimi, si kaka, na kaka ndiye mkubwa. Nikaogopa. "Kaka yako atawaambia jaribuni tena, jaribuni tena," alisema. "Namjua." Akatia sahihi, mkono unatetemeka, tukampigia kaka. Hakusikiliza hadi mwisho, alikata simu. Tulimwacha siku mbili, tukapiga tena, na safari hii mama akaongea naye peke yake, mlango umefungwa. Walichosema sikuuliza. Nakala moja daktari wake aliiweka kwenye faili, nami nikaupiga picha ukurasa ule nikamtumia kaka. Hakujibu kitu.

Miezi saba baadaye mama alizidiwa usiku. Daktari wa zamu hakuwa akimfahamu, akatuuliza kama tunataka awekewe mashine. Mimi ndiye niliyetajwa kwenye daftari, mimi niliyeyaandika kwa mkono wangu, na nilipofungua mdomo sauti haikutoka. Kaka akatoa simu yake. Aliipanua ile picha kwa vidole viwili, akaanza kumsomea daktari mwandiko wangu, polepole, mstari kwa mstari, mpaka kwenye sahihi. Kisha akainama sikioni mwa mama.

"Tunaongea na daktari, mama," alisema. "Tunamwambia yale uliyotuambia."