Usiku Baba Alipokula Uyoga Peke Yake

Juzi nikiwa stoo nanyunyizia maji mifuko yangu ya uyoga, mwanangu wa mwisho alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, hivi uyoga unaua?" Shuleni wameambiwa wasiguse uyoga unaoota uwanjani msimu huu wa mvua, na mwalimu amefanya jambo la maana kuwaonya. Nikamjibu kwamba upo unaoua na upo usioua, na huu wetu hauui. Akaridhika, akakimbilia mpira. Mimi ikanijia siku ya Baba.

Ni mwaka ule alioteremka kutoka Iringa kuja kukaa nasi Kihonda, baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Uyoga ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza. Mafunzo niliyapata kwenye mabanda ya Nane Nane hapa Morogoro, na mbegu nilinunua za uyoga mamama: chupa ya kioo iliyojaa punje za mtama zilizoshikana kwa utando mweupe, mdomo umezibwa kwa pamba. Baba aliigeuzageuza ile chupa juani kwa jicho lake jipya, akaniuliza kama mtama ule haujaoza. Nikamweleza kwamba utando ule ndio uyoga wenyewe, kile tunachokula ni kama tunda lake. Hakubisha. Baba jambo asilolijua halibishii, hukaa nalo kwanza.

Kazi tuliifanya wote. Mabua ya mpunga yalitoka Dakawa, akayakata kwa panga vipande vya sentimita 3 hadi 5, tukayaloweka usiku kucha. Kesho yake tukapanga matofali ndani ya pipa, tukaweka wavu juu yake, maji chini, mabua juu, tukafunika na kuwasha kuni. Moto aliusimamia yeye. Mabua ya mpunga yakipata mvuke hutoa harufu nzito ya shamba lililonyeshewa, nguo zote hunuka hivyo hivyo, na yeye aliipenda. Alihesabu saa mbili tangu mvuke ulipoanza kutoka, si tangu moto ulipowashwa, maana nilimwambia mvuke ndio unaoua vijidudu. Mabua yalipopoa juu ya turubai, alijifunza kuyapima upesi kuliko mimi: unakamata konzi moja unaikamua, yakidondoka matone machache yako sawa, yakitiririka acha yajichuje, la sivyo mbegu itaozea humo. Tukanawa mikono kwa spiriti, tukajaza mifuko ya nailoni, tabaka la mabua, mbegu, tabaka la mabua, mbegu. Tukaitundika stoo, dirisha tukaliziba kwa gunia.

Wiki za giza zilipita bila la kusimulia. Utando ulitambaa kutoka kwenye punje moja hadi nyingine mpaka mifuko ikawa myeupe mwili mzima. Tukaichana matundu, tukaruhusu mwanga na hewa, tukawa tunamwaga maji sakafuni asubuhi, mchana na jioni.

Kabla mamama haujatoka, mfuko mmoja wa pembeni, ambao utando ulikuwa haujauenea vizuri, ulichomoza vitu vingine. Vilikuwa vyembamba, vya kijivu, vikofia vyake vimeinama, na kufikia jioni vilikuwa vimeyeyuka vikawa wino mweusi. Wakulima wa uyoga wanavijua, ni magugu ya kwenye mabua. Niliutungua mfuko ule nikautoa nje. Baba alikuwa nyuma yangu.

"Huu uliupanda wewe?"

"Hapana, Baba. Umejiotea."

"Ulipitia wapi?"

Nikamwambia mbegu zake huruka hewani, au zilikuwa kwenye mabua, pengine mvuke haukuyafikia yale ya katikati. Akatikisa kichwa, akaondoka zake. Swali lake lilikuwa la haki, ila sikuliona hivyo siku ile.

Siku chache baadaye mamama ukatoka. Kwanza vichwa vidogo vya kijivu, vimesongamana kwenye tundu, halafu ndani ya siku tatu nne kila kimoja kimefunguka kuwa sikio pana, jeupe kwa chini, na mistari inayoshuka hadi kwenye shina. Nilichuma kabla kingo hazijaanza kujikunja juu, nikishika shada zima kwenye kitako na kulizungusha hadi ling'oke lote, kwa sababu kisiki kikibaki huoza na kuharibu mfuko. Bakuli likajaa. Nusu nikaiweka friji. Nusu nyingine nikaichanachana kwa vidole, nikakaanga na kitunguu na nyanya, nikamalizia kwa karanga za kutwanga, kama alivyokuwa akipika Mama. Ugali ukaiva. Watoto walishanawa, wameshakaa mkekani.

Baba akasema, "Watoto wasile."

Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono akalivuta bakuli la uyoga hadi mbele yake. Mume wangu akanitazama. Nikaanza kumweleza upya: Baba, huu ni wa mbegu, unajulikana, Dar es Salaam unauzwa hadi madukani, hauwezi kugeuka ukawa na sumu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu. Na ule mweusi nao ulikuwa ndani ya mifuko hiyo hiyo."

"Lakini ule nimeutupa."

"Ule ulioweza kuuona, umeutupa."

Akaniagiza niwapashie watoto maharage ya mchana. Halafu akamega ugali, akachota uyoga, akala. Nina watu wengi niliowaona wakila katika maisha yangu, ila sijaona mwingine aliyekula hivyo. Hakuwa na haraka na hakuwa na woga. Alitafuna kila tonge kwa makini, akameza, akanyamaza kidogo, akamega lingine. Taa ilikuwa ya chaji, umeme ulikuwa umekatika, na kivuli cha mkono wake kilipanda na kushuka ukutani. Watoto waliacha maharage yao wakawa wanamwangalia Babu. Alikula mpaka akakifuta kitako cha bakuli kwa tonge la mwisho, kisha akasema uyoga ni mtamu, na kwamba Mama angeongeza karanga.

Akamwomba mume wangu amwandikie saa aliyomaliza kula. Mume wangu akaiandika nyuma ya risiti ya LUKU, saa mbili kasorobo usiku. Baba akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Akaniambia, "Ule wa kwenye friji usiupike. Nikiugua, nipelekeni hospitali pamoja nao, daktari auone. Tutangoja mpaka kesho saa kama hii."

Nikasema, "Kesho jioni? Si hata asubuhi ingetosha?"

Hapo ndipo alipotusimulia. Sikuwahi kusikia kwamba Baba alikuwa na mdogo wake wa kiume. Alizaliwa akimfuatia yeye, na alikuwa mdogo, bado hajabadilisha meno. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, uyoga umejaa kwenye miombo, na nyumba ile walikula uyoga kama nyumba zote za kijiji. Uyoga ule ulikuwa umetafunwa na konokono, na Bibi aliamini kwamba kinacholiwa na konokono hakimdhuru mtu. Usiku walilala salama. Asubuhi mtoto akaenda na mbuzi. Mchana ndipo alipoanza kutapika na kuharisha. Siku iliyofuata akapata nafuu, akaomba uji, watu wakamshukuru Mungu. Kisha macho yakawa ya manjano. Baba alipofika hapo hakuendelea, na hatukumwomba aendelee.

Siku hizi najua yaliyompata mtoto yule, kadiri inavyoweza kujulikana kwa mbali hivi. Uyoga hatari kuliko mwingine, kama aina kadhaa za jamii ya Amanita, hauchomi ulimi wala si mchungu. Mtu anakula vizuri na kulala vizuri. Saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata 24, hupita kabla tumbo halijaanza kuuma. Kisha hali hutulia, mgonjwa hudhaniwa amepona, na kumbe ini linaendelea kufa. Konokono hula uyoga huo bila kudhurika. Kuuchemsha hakuondoi sumu yake, na kupika na kitunguu au sarafu ili uone kama vitabadilika rangi ni kujidanganya. Naandika haya kwa herufi zote kwa sababu kila mwaka mvua zikianza napata ujumbe na picha: dada, huu wa nyuma ya nyumba unaliwa? Mimi sitoi jibu kwa picha, na naomba msiniombe. Kama huna mtu aliyekua akiula uyoga huo na anayeujua kwa hakika, uache pale ulipo.

Usiku ule sikulala. Nilisikia kila mlango. Nilijua uyoga ule ni mamama, ningeweza kuapa, na bado kila Baba alipokohoa nilikaa kitandani. Asubuhi nilimkuta anafagia uwanja. Mchana, saa ambayo mdogo wake alianza kuugua, alikuja akakaa jikoni nami, akachambua mchele ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Jioni alitoa ile risiti mfukoni, akaiangalia, akasema, "Pika ule mwingine." Ulipoiva aliwaita watoto mmoja mmoja kwa majina yao, akawapakulia kwa mkono wake.

Ningeweza kuishia hapa, na kwa muda mrefu nilikisimulia hivi kisa hiki. Lakini tulipokuwa kwenye msiba kule Iringa, Shangazi alinikuta nimekaa na akina mama tukiongelea biashara ya uyoga. Alipobaki nami peke yake akasema alishangaa kusikia kaka yake anakaa nyumba moja na uyoga. Akasema siku ile Bibi hakwenda porini. Walikwenda watoto wawili, na mkubwa ndiye aliyerudi na kikapu.

Shangazi wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Aliyoyasema aliyasikia kwa wakubwa, na wakubwa wakifiwa hutafuta pa kuuweka msiba. Pengine ni kweli. Pengine ni maneno ya ukoo tu, yaliyoshikamana na mtoto aliyebaki hai. Nikiufikiria ule mkono uliovuta bakuli, sioni tena kwa hakika alikuwa anafanya nini. Huenda alikuwa analinda wajukuu wake. Huenda pia alikuwa anakula sahani aliyoona ilikuwa yake tangu zamani, na kama ni hivyo, sijui ilimpa nini.

Mume wangu anasema nimuulize, kwamba mzigo wa namna hiyo mtu asizeeke nao peke yake. Mimi nasita. Akinijibu kwamba Shangazi kakosea, nitakuwa nimemchubua bure. Akinijibu kwamba ni kweli, sina neno la kumwambia mtu wa umri wake ambalo hajajiambia mwenyewe mara nyingi. Hadi leo akiwa kwetu, nikipika uyoga huonja yeye wa kwanza, na hakuna mtoto anayegusa kabla Babu hajasema, "Kuleni." Imekuwa desturi ya nyumba, nasi tunaishika.

Mwezi ujao anateremka tena. Mbegu nimeshaagiza, mabua yanakuja Jumamosi, na kwenye simu ameniambia nisiwashe moto wa pipa mpaka afike.