Karatasi ya vipindi

Bahasha ilikuwa ya kaki, jina langu limeandikwa juu yake kwa wino wa bluu. Mkuu wa shule aliisukuma mezani kwa vidole viwili mpaka ikagusa kikombe changu cha chai.

"Fungua, Mwalimu," akasema. "Tumechoka kukukodi kwa kipindi."

Ilikuwa Julai 2022, siku zile ambazo redio zilikuwa zikirudia habari kwamba baraza la mawaziri la Uganda limeidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ulikuwa umeshakiweka kwenye masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, lakini walimu wenyewe walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mimi nilikuwa nagawanywa na shule tatu za binafsi: mbili mjini Tororo, na hiyo ya mama aliyekuwa mbele yangu, karibu na mpaka wa Malaba. Vipindi 20 kwa wiki, kila kipindi shilingi 7,000.

Malipo yalikwenda kwa karatasi. Kila shule ilinipa karatasi yake yenye mistari: tarehe, darasa, mada, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Ukimaliza kipindi unamtafuta mkuu wa taaluma popote alipo, hata kama yuko jikoni anapima posho ya wanafunzi, akutilie sahihi. Sahihi isipokuwepo, hukufundisha. Mwisho wa mwezi unapeleka karatasi kwa mhasibu, naye anahesabu mistari kwa ncha ya kalamu.

Nilipenda kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba neno kibarua lilianza hivyo hivyo, barua ndogo, cheti anachopewa mtu wa kazi ya kutwa, kisha jina la cheti likamhamia mwenye cheti. Watoto wa Malaba walicheka kuliko wote. Wao Kiswahili wamekiokota kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka, na vibarua wanawaona kila siku wakishusha saruji. Sikuwaambia kwamba na mimi nilikuwa na karatasi tatu za namna hiyo mfukoni.

Nikafungua bahasha. Mshahara shilingi 450,000 kwa mwezi, miezi yote 12, likizo zikiwemo. Akiba ya uzeeni ya NSSF, mimi asilimia 5, shule asilimia 10. Chakula cha mchana. Kazi kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Usiku mara mbili kwa wiki kusimamia wanafunzi wa bweni wakijisomea. Na nisifundishe shule nyingine yoyote. Mkuu alinieleza kila kifungu kwa upole, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango. Alikuwa ananitendea wema. Najua hivyo sasa na nilijua siku ile.

Nikamwomba siku tatu.

Niliwahi kuwa na kazi ya kudumu. Mwaka 2019 niliajiriwa na shule moja ya binafsi, ikanipa na kitambulisho chenye picha. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, mshahara wa Machi ukaja, wa Aprili ukaja nusu, na baada ya hapo simu za ofisi zikawa haziitiki. Shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nilikaanga chapati kando ya barabara ya Mbale, nikauza kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe, kwa watu wa boda, na baadhi ya wateja wangu walikuwa wazazi wa wanafunzi wangu. Walinilipa kwa heshima, wakaniita Mwalimu vilevile. Kwa hiyo neno kudumu halikunitisha wala halikunitamanisha kama linavyowatamanisha wengine. Lakini halikuwa ndilo lililonifanya niombe siku tatu.

Baba alipigwa na kiharusi Septemba 2021. Upande wa kulia wote ukalegea. Mguu ulianza kurudi polepole, mkono ukakataa. Vidole vilijikunja ndani ya kiganja, vikakaa hivyo kama vya mtu aliyeficha sarafu, na usipovifungua kucha zinamchoma nyama. Kila siku lazima vifunguliwe kimoja kimoja. Unaanza na dole gumba. Ukianza na kidole cha mwisho vinakaza zaidi. Unalivuta pole, unalishikilia, unasubiri mkono uchoke kupigana nawe, ndipo unahamia kidole cha pili. Vikishafunguka vyote unamwosha kiganja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana jasho linakaa mle ndani na kutoa harufu, unamkausha vizuri, unakata kucha, kisha unampa mpira wa majani makavu ya mgomba, ule wanaochezea watoto, aushike mpaka jioni. Ilichukua kama nusu saa. Alikuwa anaangalia ukutani muda wote huo. Hakuwahi kusema inauma.

Mimi na dada yangu tulikuwa tumemgawana. Asubuhi alikuwa mikononi mwa dada: kuogeshwa, uji, dawa za presha. Mimi nilipanga vipindi vyangu vyote viishe saa saba, nikapanda teksi, saa nane niko nyumbani, na dada anatoka kwenda kwenye kibanda chake cha mukene, wale dagaa wetu, na nyanya. Biashara yake ilikuwa ya jioni, watu wakitoka kazini, kuanzia saa tisa mpaka saa mbili usiku. Baada ya vidole, mimi na Baba tulikwenda kutembea kwenye reli.

Reli ilikuwa maisha yake. Alianza mwaka 1970 kama kijana wa genge, kushindilia kokoto na kubadilisha mataruma, zile boriti zinazobeba reli, akapanda mpaka akawa nyapara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na reli yake ya pamoja ikagawanywa, aliamka siku moja yuko kwenye reli ya Uganda peke yake bila kuhama kota yake. Hicho Kiswahili ninachofundisha nilikinyonya pale kota, ambako Mjapadhola, Mteso, Mluhya na Mnubi walikuwa majirani wa ukuta mmoja na hawakuwa na lugha nyingine ya kuombana chumvi. Tulikuwa tukitembea kwenye tawi la kaskazini, linaloachana na njia kuu hapa Tororo kwenda Mbale, Soroti, Gulu mpaka Pakwach. Majani yalikuwa yameifunika, lakini mataruma yalikuwepo chini yake, na Baba aliyahesabu kwa fimbo. Ndiyo iliyokuwa tiba yake. Leo 40, kesho 42.

Usiku ule nilimpa mkataba ausome. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akauinamia karibu na taa, na kwa jinsi alivyosoma polepole nilijua anasoma kila neno.

"Hii ni kazi," akasema mwisho. Maneno yake yalikuwa yanatoka kwa kukwama, lakini hayo yalitoka mazima. "Tia sahihi. Usilale nayo."

"Nafikiria, Mzee."

"Unafikiria nini? Mimi nilikuwa na vibarua chini yangu. Nawajua. Kibarua mvua ikinyesha hana siku. Akiumia, ukifungua daftari jina lake halimo." Akapumzika. "Sikukusomesha uwe mtu asiye kwenye daftari."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Na ile sababu yangu ya kusita ndiyo ilikuwa imekaa mbele yangu, imejifunika blanketi magotini, ningemwambiaje? Mzee aliyewahi kusimamia genge zima, umwambie mtoto wake anakataa mshahara kwa ajili ya vidole vyake vitano? Angekataa kuogeshwa kuanzia kesho yake.

Dada alinifuata nje. Alikuwa anaosha sufuria, hakuinua uso.

"Ukichukua hiyo kazi, mimi nafunga kibanda," akasema. "Sikulaumu. Nakwambia tu ujue."

"Tutatafuta mtu wa kumwangalia."

"Baba aogeshwe na mgeni?"

Nilikaa na daftari la mazoezi mpaka taa ya sola ikafifia. Nikiondoa kodi na NSSF kwenye 450,000, mkononi kinabaki 390,500. Vipindi 20 kwa wiki, wiki 12 kila muhula, mihula mitatu: shilingi 5,040,000 kwa mwaka. Nauli ilikuwa imekula kama 30,000 kwa wiki, maana mwaka ule petroli ilipita shilingi 6,000 kwa lita na kila teksi ikapandisha. Kwa hiyo toa 1,080,000. Baki 3,960,000. Mshahara ungenipa 4,686,000, na juu yake akiba ya 67,500 kila mwezi ambayo karatasi za vipindi zisingeniwekea hata senti. Nilihesabu mara mbili. Mkataba ulishinda mara zote mbili.

Kisha nikaandika chini yake kibanda cha dada. Kwa siku alikuwa anabaki na faida ya shilingi 8,000 hivi, siku 26 kwa mwezi. 208,000. Mstari huo mmoja ulifunika tofauti yote na kuvuka. Mpaka leo nikisikia watu wakijadili mshahara wa mtu nashangaa wanavyouhesabu peke yake, kana kwamba mtu ni chumba kimoja kisicho na nyumba.

Hata hivyo, nisijifanye kwamba hesabu ndiyo iliamua. Kama kibanda kingekuwa kinaingiza 2,000, nadhani ningefanya vilevile. Nilizitaka zile saa nane za mchana. Nilikuwa nimeishi na Baba miaka mingi bila kumshika mkono, yeye si mtu wa kushikwa, na sasa nilikuwa naushika nusu saa kila siku.

Siku ya tatu nilirudi Malaba na kumwambia mkuu wa shule hapana. Nilimweleza sababu ya kweli, yeye peke yake. Akanyamaza, akairudisha bahasha kwenye droo.

"Vipindi vyako utaendelea navyo mpaka Desemba," akasema. "Mwakani sikuahidi. Wazazi wanataka mwalimu anayeonekana mstarini asubuhi."

Ilikuwa haki yake. Februari 2023, muhula ulipoanza, alikuwa ameajiri kijana aliyemaliza chuo, nami nikapoteza vipindi 8 kwa mkupuo. Desemba kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi: shule zimefungwa, hakuna shilingi inayoingia kwa jina langu, na Krismasi tuliila kwa mukene wa dada. Nilipata homa wiki ya kwanza ya Januari nikajitibu kwa mkopo. Siandiki haya kusifia kibarua. Kanuni za ajira za nchi hii za 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne bila mkataba, na kuna watu wanavuka miaka minne wakisubiri huo mkataba, wana watoto, na hakuna bahasha ya kaki inayosukumwa mezani kwao. Mimi nilipewa, nikachagua. Wao hawakuulizwa, na nawaonea uchungu kila ninapoona mtu anatolea jasho mstari mmoja wa karatasi.

Baba nilimwambia jioni ileile, tukiwa kwenye reli. Nilisema saa za kazi hazikunifaa. Hakujibu. Alisimama kwenye taruma, akalitazama, akaendelea kuhesabu. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya namba.

Mwezi wa Januari tulikutana na mzee mmoja aliyefanya naye kazi zamani, anapita kwa baiskeli kando ya njia, jembe limefungwa nyuma. Akashuka mbio. Wakashikana mikono ya kushoto, wakaulizana waliokufa na waliobaki. Halafu mzee akanigeukia.

"Na huyu ndiye yule mdogo? Amekua! Siku hizi anafanya kazi wapi?"

Nilifungua mdomo, lakini Baba alitangulia.

"Bado anatafuta," akasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akaniombea Mungu, akapanda baiskeli yake. Baba akahamishia fimbo kwapani, akanishika bega kwa mkono ule wa kushoto, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Tulifika ngapi?"

"Mia na kumi na mbili, Mzee."

"Kumi na tatu," akasema, akanyoosha mguu.