Wenye vilima vya makaburi Uskoti

Aliyesikia habari za Bachwezi, watawala wa kale wa hadithi, na mahandaki yao ya Bigo bya Mugenyi huko Uganda hatapata shida kuzielewa imani za Uskoti kuhusu vilima vya kale. Kaburi la mawe la Maeshowe, visiwani Orkney, lilijengwa karibu miaka 5,000 iliyopita. Ujia wake una urefu wa mita 10 hivi, na unaingia umeinama. Wakulima wa huko waliamini kila kilima cha namna hiyo kina mwenyewe, hogboon, naye alimwagiwa maziwa na pombe juu ya kilima. Akisahauliwa, au mtu akichimba pale, mifugo inadhurika. Kwangu mimi hiyo ni hasira ya jirani aliyenyimwa haki yake, wala si ushetani.

Nyanda za Juu za Uskoti, hatari ni mlango wa kilima wanamokaa viumbe wa hadithi wanaofanana na watu. Ukiukuta wazi na ngoma inachezwa ndani, chomeka kisu cha chuma mlangoni kabla hujaingia: viumbe hao hawagusi chuma, kwa hiyo hawawezi kuufunga. Usile chochote. Katika hadithi, wapiga fidla walioingia kilima cha Tomnahurich, Inverness, walipiga usiku mmoja tu. Walipotoka, karne ilikuwa imepita. Ila Tomnahurich ni kilima cha asili, na watu walianza kuzikwa pale karne ya 19.