Ninavyobebesha elmu ya Camperdown

Mbegu hazikupi elmu ya Camperdown, mti wa mapambo. Ukitaka ile ambayo matawi yake hujipindapinda na kushuka hadi chini, lazima ubebeshe, yaani uunganishe kipande cha tawi lake kwenye shina la elmu nyingine. Asili yake ni tawi moja tu: kati ya 1835 na 1840, David Taylor, msimamizi wa misitu wa shamba la Camperdown karibu na Dundee, Uskoti, alilikuta likitambaa ardhini, akalibebesha kwenye shina la elmu ya kawaida ya huko, Ulmus glabra. Hata ile iliyopandwa Prospect Park, Brooklyn, mwaka 1872, ni uzao wa tawi hilo.

Nami hutumia Ulmus glabra kama shina la chini. Elmu ya Kiingereza hushika pia, ila hutoa maotea mizizini, na kuyang'oa kila mwaka ni adha. Mbegu za glabra huiva Mei hadi Juni. Nazisia mbichi, maana zikikawia zinapoteza uhai. Halafu nangoja shina linyooke, linenepe kama kidole gumba na kupita mita 2.

Urefu wa kubebeshea ndio uamuzi mkubwa. Tawi hili halijui kwenda juu: ukilibebesha sentimita 60 kutoka ardhini, utafuga kichaka kinachotambaa. Mimi hubebesha kwenye mita 1.8.

Vikonyo, yaani vipande vya tawi vya kubebesha, nakata Januari, mti ukiwa umelala: chipukizi la mwaka uliopita, unene wa penseli, macho 3 au 4, bila ncha. Nazungushia gazeti lenye unyevu, natia mfukoni na kuweka kwenye friji. Machi, macho ya shina yakianza kuvimba, navitoa. Kikonyo kilichokwisha kuamka hakifai. Kitachanua majani kabla hakijaungana, kisha kinyauke.

Shina na kikonyo nakata mshazari wa sentimita 4, na ulimi katikati ili vishikane. Kwa kuwa kikonyo ni chembamba, nakisogeza pembeni, utando wa kijani ulio chini ya gome ukutane upande mmoja. Kukiweka katikati ndiko kunakoua vingi. Nafunga mkanda kwa kukaza, napaka nta mpaka kileleni mwa kikonyo.

Chipukizi lolote chini ya kiungo naling'oa likiwa bado laini. Ukiliacha, litakwenda juu wima, lichukue nguvu zote, na baada ya miaka michache una elmu ya kawaida. Mkanda nalegeza Julai, usije ukakaba.

Kupogoa ni wakati wa baridi tu. Kiangazi, harufu ya kidonda huwavuta mbawakawa wanaobeba Ophiostoma novo-ulmi, kuvu inayoua elmu, na kisu nakifuta kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.