Chesi, mwezi wa tano: mkono bado unakula

Jalada la daftari linasema hivi, kwa mwandiko wangu wa Januari: "1400 kabla ya Desemba." Hizo ni pointi za kiwango cha mchezaji, na leo nina 1127. Nilipojiunga na Lichess, tovuti ya kucheza chesi mtandaoni, walinipa 1500 yenye alama ya kuulizia pembeni, kama wanavyompa kila mgeni, nami nikajiona mtu wa maana. Kumbe ile alama maana yake hatujakufahamu bado. Walinifahamu ndani ya siku tatu.

Kwa anayeanza kusoma leo: mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam. Nje ya kibanda changu kuna kijiwe cha drafti, na drafti nimecheza tangu darasa la tano, kwa vizibo vya soda, kumi na viwili vimelala na kumi na viwili vimefunuka. Kijiweni siogopi mtu isipokuwa mzee mmoja tunayemwita Babu. Chesi aliniletea mpwa wangu wa kidato cha pili, likizo ya Desemba. Nilidhani miraba ni ileile 64, itakuwa kazi ya wiki mbili.

3 Mei

Nimekaa na daftari kutafuta ninakufa na nini. Nimechukua michezo 40 niliyofungwa, ya dakika kumikumi, nikaipitisha mmoja mmoja kwenye Stockfish. Hiyo ni programu ya uchambuzi, ya bure, na haina aibu: ukifanya kosa kubwa inakuwekea alama mbili za kuulizia, basi.

Muda kuniishia: 9. Bando kukata au mtandao kuzubaa: 4. Malkia kuachwa wazi kwa uzembe tu: 5. Mitatu sijaielewa mpaka sasa. Na michezo 19, karibu nusu, nimekula kete ambayo sikupaswa kula.

Hiyo 19 imeninyima usingizi, maana najua inatoka wapi. Kwenye drafti kula ni lazima. Kizibo kikikaa mahali pa kuliwa hujadili, unakula, na ufundi wote wa mchezo umejengwa juu ya lazima hiyo: namtolea mtu kimoja, anakula kwa sababu hana hiari, halafu mimi naruka vitatu na kuingia kingi. Zaidi ya miaka ishirini mkono wangu umefundishwa hivyo. Sasa nikiona kete ya askofu imekaa wazi, kidole kinafika kwenye kioo kabla akili haijaamka.

9 Mei

Ya leo naiandika kwa ajili ya lile kundi la 9. Nilikuwa na kete moja ya ngome ya ziada na dakika nne, mpinzani amebanwa kona. Akaingia mama mmoja na kitenge cha sendoff ya binti yake, ya Jumamosi hii. Nikavaa futikamba shingoni, kifua, kiuno, urefu, "hapa fundi usibane sana". Niliporudi kwenye simu, nimefungwa kwa muda. Mpinzani ameniandikia "good game". Mchezo gani?

Mpwa wangu anasema nicheze michezo ya siku nyingi, ile unayopewa siku tatu kwa kila hatua. Nimejaribu. Nikirudi kesho yake sikumbuki nilikuwa napanga nini, na wala sijui yule farasi alifikaje pale.

14 Mei

Nimenunua ubao halisi Kariakoo, wa plastiki. Kufika nyumbani nikakuta ngome moja nyeusi haimo. Nimeweka bobini ya cherehani mahali pake na inafanya kazi vizuri, ila mpwa wangu anaiita "ngome ya Tandika".

Jioni akanionyesha mtego wa zamani sana, wa Mfaransa aitwaye Légal, aliyecheza Paris karne ya 18 na kumfundisha Philidor, bingwa maarufu wa chesi wa enzi hizo. Mweupe anaacha malkia wake aliwe. Anamwacha kabisa, mchana kweupe.

"Mjomba, wewe ni mweusi. Utafanya nini?"

Nikala malkia. Hata sikukaa sawa kwenye kiti. Askofu akaja kugonga mlangoni, cheki, yaani mfalme wangu ametishiwa, akasogea, farasi akaruka katikati, chekimeti: ametishiwa na hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Farasi wawili na askofu mmoja wamenifunga nikiwa nimeshika malkia wao mkononi.

Kilichoniuma ni kwamba mtego huo naujua! Kutoa kidogo uchukue chote ndiyo kazi yangu ya kila jioni pale nje. Nikamwambia hivyo, akanijibu: "Lakini huku hakuna aliyekulazimisha, mjomba." Adabu anayo, ila maneno yake yanachoma.

16 Mei

Nimeupeleka ubao kijiweni. Nilitamani kumfunga Babu kwenye kitu fulani kabla sijafa.

Alijifunza miondoko kwa nusu saa, farasi ndiye aliyemkera zaidi ("huyu mnyama anapita juu ya watu?"). Baadaye nikamwachia mfalme mtupu, mimi nina malkia na askari wawili. Nikamsogezea malkia karibu ili nimalize kwa madaha. Babu akatazama, akatazama, akasema, "Sina pa kwenda. Umeniua." Akaanza kukusanya kete.

Ikabidi nimweleze mwenyewe kwamba ni sare: mfalme hajapigwa cheki, hana mraba wa kwenda, mchezo umekwama, tunagawana nusu kwa nusu. Kijiwe kizima kilinishambulia. Kwenye drafti aliyekosa pa kwenda amekufa, hakuna wa kubisha. Mpwa wangu akaongeza kuni kwenye moto: eti Uingereza ya zamani, kabla ya karne ya 19, aliyemkwamisha mwenzake namna hiyo ndiye aliyehesabiwa kushindwa. Babu aliipenda sana hiyo. Sasa anadai alinifunga kwa sheria ya Waingereza, na kila mteja wangu anayepita ameshasimuliwa.

22 Mei

Dawa ninayoijaribu: kukalia mkono. Nakaa juu ya mkono wa kulia kabisa, nahesabu mpaka tano, najiuliza "kwa nini ameacha?" Ndipo nauchomoa. Kwenye simu nashika kwa kushoto, kidole gumba kikiwa mbali na kioo. Mke wangu ameuliza kama nimeumia.

Pamoja na hiyo, mafumbo kumi ya chesi kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi: unapewa ubao uliopangwa, utafute hatua nzuri. Mafumbo naweza vizuri, na hilo limenichanganya kwa muda. Nadhani sababu ni kwamba fumbo limeshakwambia kuna kitu hapa, tafuta. Kwenye mchezo hakuna anayekunong'oneza. Siku nne za kukalia mkono: nimeshinda 6, nimefungwa 5, sare 1. Kutoka 1088 hadi 1127. Ni kidogo, lakini tangu Machi namba hiyo ilikuwa inashuka tu.

30 Mei

Mpwa wangu amekuja kuchukua sare yake ya shule niliyoipunguza. Tukapanga ubao, bobini mahali pake. Hatua ya kumi na nne akasogeza farasi akamweka mahali askari wangu angemla, wazi, bila mlinzi. Nikakalia mkono. Nikahesabu tano, nikahesabu kumi. Nikaona mtego upande wa malkia, nikaona mwingine kwenye ile njia ya mshazari ya askofu, nikakumbuka Paris. Nikamwacha farasi wake, nikasogeza mfalme pembeni, salama, nikamtazama usoni kwa kiburi.

Akashusha pumzi. "Asante mjomba, nilimsahau huyo."

Akamrudisha farasi nyumbani na kunifunga hatua kama ishirini baadaye. Kwenye daftari nimechora safu mpya: kete nilizopaswa kula nikaziacha. Mpaka sasa kuna 1.